Andikeni Mkataba Ambao Jaji Hatalazimika Kuubahatisha

Kwa: Marais wa vyuo vikuu 18 wanachama wa Atlantic Coast Conference (ACC), bodi zao za wadhamini, na Kamishna Jim Phillips

Yah: Hati ya kukabidhi haki za matangazo ya michezo

Waheshimiwa,

Tarehe 4 Machi 2025 mlimaliza kesi nne kwa mpigo. Mbili zilikuwa North Carolina, moja Florida na moja South Carolina, na zote zilizunguka swali moja: je, chuo kikuu kilichotia saini hati ya kuukabidhi umoja wenu haki za matangazo ya mechi zake hadi mwaka 2036 kinaweza kuondoka na haki hizo kabla muda haujaisha? Mawakili walikuwa wamebishana kwa zaidi ya mwaka na majaji walikuwa wameanza kulisogelea jibu. Kisha mkapatana. Florida State na Clemson, vyuo vilivyokuwa vikitafuta njia ya kutoka, wakabaki, mgawo wa fedha ukabadilishwa, na swali likarudishwa kabatini bila kujibiwa.

Sina ugomvi na mapatano. Ninachokilalamikia ni kwamba hati ambayo nguvu yake mbele ya sheria haijulikani imeachwa iendelee kuamua mambo ya maelfu ya wanafunzi, na sasa muda wa kuandika nyingine unakaribia. Nawaomba hiyo ijayo muiandike kwa namna ambayo jaji hatalazimika kubahatisha mlichokusudia, mzazi ataweza kuisoma, na mwanafunzi asiyeonyeshwa kwenye televisheni hatalipia ugomvi usiomhusu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko mnavyodhani. Miaka mingi sasa vijana wa Kenya na Tanzania wamepata elimu ya vyuo vya Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbia kwa niaba ya chuo cha Texas kilichopo El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Sally Kipyego alitamba Texas Tech, Edward Cheserek akabeba mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na ya kwanza kati ya hizo, ya mita 5,000, aliivunja Berkeley, kwenye chuo ambacho leo ni mwanachama wenu. Hakuna hata mmoja wao aliyejaza uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Lakini idara za michezo za vyuo vikubwa vya kwenu huendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za futiboli, na fedha hizo zikitikisika, mkimbiaji huwa wa kwanza kuyumba.

Kwa msomaji asiyefuatilia, habari yenyewe ilianza hivi. Hadi mwaka 1984 ni NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliyoamua mechi ngapi za futiboli zionyeshwe kwenye televisheni na zionyeshwe na nani. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Oklahoma na Georgia dhidi ya NCAA, iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba utaratibu huo ulivunja sheria ya ushindani. Haki zikarudi mikononi mwa vyuo. Baadaye vyuo navyo vikazikusanya katika konferensi zao, yaani miungano ya vyuo vinavyocheza ligi moja na kuuza matangazo kwa pamoja, maana anayeuza na wenzake hupata bei nzuri kuliko anayeuza peke yake.

Mali ya pamoja huleta hofu ya mwenzio kuondoka. Septemba 2012 mlipandisha ada ya kujitoa hadi mara tatu ya bajeti ya uendeshaji ya mwaka. Maryland na Florida State walipiga kura ya kukataa. Miezi miwili baadaye Maryland ikatangaza kuhamia konferensi ya Big Ten. Mliidai zaidi ya dola milioni 52, na mwaka 2014 mkamalizana nayo kwa dola milioni 31.4. Hapo mkajifunza kwamba ada ya kujitoa, hata ikiwa kubwa namna gani, huishia kwenye meza ya mazungumzo. Tayari Aprili 2013 mlikuwa mmeshatafuta kufuli zito zaidi: hati ya kukabidhi haki za matangazo, ambayo kila mwanachama aliisaini. Mwaka 2016 mkaiongezea muda hadi Juni 2036 ili ESPN, kampuni ya televisheni ya michezo, ianzishe chaneli yenu, ambayo ilikwenda hewani Agosti 2019.

Tofauti ya makufuli hayo mawili ndiyo kiini cha barua hii. Huku pwani kwetu mwenye mwembe aliyeahidi kumuuzia mchuuzi maembe kisha akageuka, anadaiwa fidia tu, na maembe yanabaki yake. Lakini akishayauza yangali mtini na kupokea fedha, maembe si yake tena. Akiyachuma, amechuma mali ya mtu. Ada ya kujitoa ni deni la aina ya kwanza. Hati yenu inataka iwe ya aina ya pili: chuo hakikuahidi kubaki, kimekwisha kutoa mali yake. Kabla ya mapatano yenu ya Machi 2025, chuo ambacho kingeondoka kingekwenda na wachezaji, makocha, bendi na jezi, lakini matangazo ya mechi zake za nyumbani yangebaki Charlotte, makao makuu yenu. Na nani angemkaribisha mwanachama asiyekuwa na mechi ya kuuza?

Ndiyo maana hati hii imeogopwa kuliko ada. Florida State ilipofungua kesi yake Tallahassee tarehe 22 Desemba 2023, ilipiga hesabu kwamba kuondoka kungeigharimu dola milioni 572. Katika hizo, ada ya kujitoa ilikuwa kama milioni 130 tu. Sehemu kubwa ya mzigo uliobaki ilikuwa thamani ya matangazo.

Sasa tuingie ndani ya hati yenyewe, kwenye kifungu kinachokabidhi. Kinasema kila chuo kinaukabidhi umoja, bila kurudi nyuma na bila kumpa mwingine, haki zote zinazohitajika ili umoja utimize wajibu wake kwenye mkataba wa ESPN. Kisha kinaongeza kwamba ni hivyo iwe chuo hicho kitaendelea kuwa mwanachama kwa muda wote au hakitaendelea. Mawakili wa Clemson waliweka kidole kwenye sehemu ya kwanza: haki zinazohitajika kutimiza wajibu kwa ESPN ni haki za mechi za wanachama, na aliyeondoka si mwanachama, hivyo mechi zake hazihitajiki. Ninyi mliweka kidole kwenye sehemu ya pili: maneno hayo yaliandikwa makusudi kwa ajili ya siku ya mtu kuondoka, na yakisomwa vingine yatakuwa hayana kazi.

Kwa maoni yangu hoja yenu ina uzito zaidi, kwa kuwa maneno ya mkataba hayawekwi kama pambo. Hata hivyo siwezi kusema hoja ya Clemson ni ya kipuuzi, na kinachonisumbua ni hicho. Hati inayofunga mabilioni ya dola kwa miaka ishirini haikupaswa kuacha njia mbili za kusomwa, zote mbili zikiwa na akili.

Na liko swali zito zaidi chini yake. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hutambua uhamishaji wa hakimiliki ulioandikwa na kutiwa saini, na matangazo ya moja kwa moja hupata ulinzi kwa kurekodiwa huku yakirushwa. Je, chuo kinaweza kuhamisha leo, moja kwa moja na bila kurudi nyuma, haki ya mechi itakayochezwa mwaka 2034 na kikosi ambacho wachezaji wake wangali shule ya msingi, dhidi ya wapinzani wa ligi nyingine? Au kilichopo ni ahadi tu ya kuja kuhamisha, ambayo ikivunjwa dawa yake ni fidia? Jibu la kwanza likishinda, mhamaji hana mali ya kuuza. La pili likishinda, kila mtu atafungua kikokotoo.

Ada nayo ina swali lake. Katika sheria ya mikataba, pande mbili zinaweza kukadiria mapema hasara itakayotokea mmoja akivunja mkataba, lakini kiasi kikiwekwa ili kumtisha mtu badala ya kufidia hasara, mahakama hukiita adhabu na haikitekelezi. Mwanasheria wa Tanzania ataitambua hoja hii, kwa kuwa kifungu cha 74 cha Sheria yetu ya Mikataba nacho humpa aliyeumia fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Mara tatu ya bajeti ya mwaka ilikuwa inafidia hasara gani? Sijaona hesabu yenu popote.

Majaji walikuwa njiani. Mlifungua kesi Charlotte tarehe 21 Desemba 2023, siku moja kabla ya Florida State kufungua yao. Aprili 2024 Jaji Louis Bledsoe wa Mahakama ya Biashara ya North Carolina alikataa kuitupa kesi yenu, na akakataa pia hoja ya Florida State kwamba, kwa kuwa ni chuo cha serikali ya jimbo, hakiwezi kushtakiwa katika mahakama ya jimbo jingine. Juni mwaka huohuo Jaji John Cooper wa Tallahassee naye akakataa kuitupa kesi ya Florida State. Majimbo mawili, majaji wawili, mkataba mmoja, na kila mmoja ameshika faili lake. Kama mngeendelea, mngeweza kupata majibu mawili yanayopingana, lakini wakuu wa vyuo wote nchini wangejua angalau wamesimama wapi. Badala yake mlinunua ukimya.

Hamkuwa wa kwanza. Texas na Oklahoma walipotaka kuhama konferensi ya Big 12 kwenda ya SEC kabla hati ya Big 12 haijaisha mwaka 2025, hakuna jaji aliyetoa uamuzi juu ya hati hiyo. Walikubali kuacha dola milioni 100 kwa pamoja na wakaondoka mwaka mmoja mapema. Konferensi ya Pac-12 ilisambaratika mwaka 2023 bila hati yake kujaribiwa, kwa sababu ilikuwa inaisha 2024 na waliokimbia walisubiri tu tarehe ifike. Kila mara nguvu ya hati imepimwa kwa kuangalia nani ataogopa kwanza. Huo si utawala wa sheria. Ni mchezo wa kutunishiana misuli unaotumia karatasi za mahakama, na anayeshinda ni mwenye mfuko wa kulipa mawakili muda mrefu.

Niwaambie pia ukweli wa upande wa pili. Kwetu ahadi ni deni. Florida State na Clemson walisaini mara mbili, 2013 na 2016, wakiwa na mawakili wao, wakapokea fedha mwaka baada ya mwaka, na wakanufaika na chaneli iliyoanzishwa kwa sababu ya sahihi hizo. Timu ya Florida State ilipoachwa nje ya mchujo wa ubingwa Desemba 2023 ikiwa imeshinda mechi zake zote 13, uchungu wake ulieleweka na kila mpenda michezo. Lakini uchungu haufuti sahihi. Chuo kinachofundisha vijana sheria na maadili hakiwezi kuwaonyesha kwamba mkataba unaheshimiwa hadi pale jirani anapoanza kulipwa zaidi yako.

Na kwenu, viongozi wa umoja, nasema hivi: anayedai aheshimiwe mkataba lazima naye auweke mezani. Katika hati zake za mahakamani Florida State ilieleza kwamba mkataba wa ESPN ulitunzwa makao makuu yenu na wanachama hawakuachiwa nakala. Ilibidi Mwanasheria Mkuu wa Florida aende mahakamani kuudai. Kesi hizo ndizo zilizowafanya wananchi wajue jambo lililopaswa kujulikana tangu siku ya kwanza: vyuo vilikuwa vimejifunga hadi 2036, huku ESPN ikiwa na mlango wa kutokea mwaka 2027 isipotumia hiari yake ya kuongeza muda. Ilikuja kuitumia Januari 2025. Kwa miaka kadhaa, basi, mmoja alifungwa kwa mnyororo na mwenzake kwa uzi. Ni wadhamini wangapi walilijua hilo walipokuwa wanapiga kura? Vyuo vingi kati yenu ni mali ya umma, na mali ya umma haifungwi kwa miaka ishirini kwa karatasi ambayo wenye mali hawaruhusiwi kuisoma.

Gharama ya haya yote haiishii kwenye vyumba vya mawakili. Pac-12 ilipovunjika, vyuo viwili viliachwa jangwani: Oregon State na Washington State. Vilikwenda mahakamani katika Kaunti ya Whitman na kushinda haki ya kuongoza kilichobaki, lakini fedha za televisheni zilikuwa zimekwishaondoka na wengine. Juni 2025 Washington State, chuo cha Henry Rono, kilitangaza kufuta mashindano ya kuruka na kurusha katika riadha yake, kikapunguza mbio fupi na kubakiza nguvu katika mbio ndefu. Kijana aliyekuwa anarusha tufe pale hakusaini hati yoyote, wala hakuulizwa na Big Ten kama angependa kuhama.

Waangalieni pia Stanford na Berkeley. Waliangukia kwenu mwaka 2024 baada ya ligi yao kufa, na ili wapokelewe walikubali kwa miaka saba ya mwanzo kuchukua kiasi cha asilimia 30 tu ya mgawo wa kawaida wa televisheni. SMU ya Dallas ilikubali kukosa mgawo huo kwa miaka tisa. Leo msichana wa mpira wa wavu wa Berkeley hupanda ndege kwenda kucheza Boston au Miami, anavuka kanda tatu za saa, anacheza usiku, anarudi, na asubuhi ana jaribio la kemia. Futiboli ina mechi za ligi chache kwa msimu, na wachezaji wake hupumzika wiki nzima baina ya mechi. Yeye hucheza mara mbili kwa wiki. Safari hiyo ilichorwa kwa ajili ya matangazo ya futiboli, na anayeichoka zaidi ni yule ambaye mechi yake haileti matangazo.

Tangu Julai 2025, kwa mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken, chuo kinaweza kuwagawia wanariadha wake fedha hadi kikomo cha mwaka, ambacho kilikuwa dola milioni 20.5 katika mwaka wa 2025-26. Ni haki iliyochelewa. Lakini fedha hizo zitatoka kapu lilelile, na wengi wanatarajia sehemu kubwa iende kwa wachezaji wa futiboli na kikapu. Mkimbiaji kutoka Iten au Arusha aliyeko kwenu kwa viza ya mwanafunzi, ambaye sheria ya uhamiaji inambana hata kufanya kazi nje ya chuo, amebaki na ufadhili wake wa masomo peke yake. Ufadhili huo ndio unaotingishwa kila mnapogombana.

Mapatano yenu ya Machi 2025 yameweka ngazi: ada ya kuondoka dola milioni 165, ikishuka milioni 18 kila mwaka hadi 75 katika msimu wa 2030-31, na anayelipa anaondoka na haki zake. Nawapongeza kwa hilo, maana sasa bei inajulikana. Lakini kila mmoja anaona tarehe imeandikwa wapi. Mkataba wa televisheni wa Big Ten unaisha karibu na wakati huohuo, na wa Big 12 vilevile. Mnayo miaka michache ya utulivu kabla mlango haujafunguliwa tena. Itumieni kwa mambo manne.

Kwanza, chapisheni mikataba. Taarifa chache za kweli za kibiashara zinaweza kufichwa, lakini muda, masharti ya kutoka, hiari za mtangazaji na kanuni za mgawo ziwe wazi kwa kila mdhamini, kila mwanafunzi na kila mlipa kodi.

Pili, andikeni bayana kinachotokea kwa mechi za aliyeondoka. Kama haki zinabaki, semeni zinabaki kwa misimu mingapi na kwa mechi zipi. Kama zinakombolewa, wekeni hesabu ya hasara iliyo nyuma ya bei. Chagueni pia mahakama moja ya kusikiliza ugomvi, ili mbio za kuwahi masijala zikome. Muda wa kufungana nao uwe sawa kwa chuo na kwa mtangazaji.

Tatu, itenganisheni futiboli na michezo mingine. Hakuna sheria inayomlazimisha mwogeleaji wa California kushindana Syracuse kwa sababu timu ya futiboli imeuzwa pamoja na ya Syracuse. Michezo mingine irudi kucheza na majirani.

Nne, sehemu ya kila ada ya kuondoka itakayolipwa kuanzia sasa iwekwe kwenye mfuko wa kulinda ufadhili wa wanafunzi wa michezo isiyo na televisheni, katika chuo kinachoondoka na katika vile vinavyoachwa. Anayehama ana haki ya kutafuta maslahi yake, ila asiwaachie wengine bili.

Mmoja wenu akiona kwamba nimekosea juu ya hati hii, nitafurahi akijibu hadharani na kuiweka hati yenyewe chini ya jibu lake, ili kila mtu aisome. Mkikubaliana nami, pelekeni mambo haya manne kwenye kikao chenu kijacho, myapigie kura kwa majina, na mtangaze nani alikubali na nani alikataa. Wazazi wanaowakabidhi ninyi watoto wao wanastahili kujua jambo hilo kabla hawajasaini fomu ya ufadhili, ambayo nayo ni mkataba, na ambayo mtoto wa miaka 18 hutarajiwa kuiheshimu.

Naomba kuwasilisha.

Mwandishi wa Kiswahili na mfuatiliaji wa michezo ya vyuo